Judy Blume na Mistari Aliyoifuta Mwenyewe

Mwanzoni mwa muongo wa 1980, Judy Blume, mwandishi Mmarekani wa vitabu vya watoto na vijana, alikaa na mhariri wake wa siku nyingi, Richard Jackson, kuupitia mswada wa riwaya iliyotoka mwaka 1981 kwa jina la Tiger Eyes. Ni kisa cha Davey, msichana wa miaka 15 ambaye baba yake ameuawa kwa risasi katika duka lao huko Atlantic City, na ambaye anakwenda na mama yake na mdogo wake kujishikiza kwa shangazi mjini Los Alamos, mji uliozaliwa pamoja na bomu la atomiki. Walipofika kwenye mistari michache inayomwonyesha Davey akiwa peke yake, akimfikiria kijana aliyemvutia na kuugusa mwili wake, mhariri alisita. Hakusema kwamba mistari ile ni mibaya. Alikubali kwamba ilikuwa na maana katika safari ya msichana aliyekufa ganzi kwa msiba na ambaye sasa anaanza kuhisi tena. Alichouliza ni kama inafaa kukiponza kitabu kizima kwa ajili yake, kwa kuwa ikibaki, kitabu kitawafikia vijana wachache zaidi. Blume aliifuta.

Hakuna mahakama iliyotoa amri. Hakuna mzazi aliyelalamika, maana hakuna mzazi aliyekuwa amekisoma. Watu wawili waliopendana kikazi, wote wawili wakiwa upande wa mtoto msomaji, walikubaliana kupunguza ukweli kidogo ili kitabu kipite mlangoni. Blume amelisimulia jambo hili kwa majuto katika utangulizi wa Places I Never Meant to Be, mkusanyiko wa hadithi za waandishi waliowahi kukumbwa na udhibiti, ambao aliuhariri mwaka 1999 na mirabaha yake ikaenda kwa Muungano wa Kitaifa Dhidi ya Udhibiti. Kwa maoni yangu, anayetaka kuuelewa uanaharakati wa mwandishi huyu aanzie hapo, wala asianzie kwenye orodha ya vitabu vyake vilivyoondolewa kwenye rafu za shule. Orodha hiyo ni ndefu na inavuta macho, lakini inatufanya tuamini kwamba madhara ya udhibiti yanahesabika. Mistari ya Tiger Eyes haimo katika orodha yoyote.

Alizaliwa mjini Elizabeth, katika jimbo la New Jersey, tarehe 12 Februari 1938, akiitwa Judith Sussman. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na nyumba yao ya Kiyahudi ilikuwa ya vitabu. Hakuna aliyemwambia kwamba hiki ni cha wakubwa, shika kile. Katazo alikutana nalo nje. Akiwa sekondari alikwenda maktaba kuazima riwaya ya John O'Hara, akaelezwa kwamba kitabu hicho kiko kwenye rafu ya masharti na kwamba alete kwanza barua ya ruhusa kutoka kwa mzazi. Ndugu mmoja wa familia aliposikia habari hiyo, alimpa nakala yake mwenyewe. Ni tukio dogo, lakini wahusika wake wawili hawakumwacha tena maishani: mkutubi anayejikinga kwa karatasi, na msomaji anayekipata kitabu kwa sababu tu ana jamaa aliyenacho.

Hata hivyo nyumba iliyoruhusu kila kitabu haikuruhusu kila neno. Kati ya Desemba 1951 na Februari 1952 ndege tatu za abiria zilianguka mjini Elizabeth katika muda usiotimia siku 60. Baba yake alikuwa miongoni mwa walioitwa kusaidia kuwatambua marehemu kwa kumbukumbu za meno yao. Watu wazima walinyamaza mbele ya watoto, na watoto wakabaki kujitungia maelezo yao wenyewe. Blume alikaa na kumbukumbu hiyo kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kuiandikia riwaya, ambayo ilitoka mwaka 2015. Naona hapo ndipo ilipo mbegu ya kazi yake yote. Hakuwa mtoto aliyenyimwa vitabu. Alikuwa mtoto aliyesoma kila kitu na bado hakukuta mahali popote pale ambapo mtu mzima anamweleza, kwa sauti ya kawaida, kinachotokea karibu yake na ndani ya mwili wake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kawaida kwa wanawake wa tabaka lake na wakati wake: masomo ya ualimu katika Chuo Kikuu cha New York, kifo cha ghafla cha baba mwaka 1959, ndoa na mwanasheria mwaka huohuo, shahada mwaka 1961, na watoto wawili kabla hajafikisha miaka 26. Alianza kuandika watoto wakiwa bado wadogo, akajiandikisha katika darasa la jioni la uandishi wa vitabu vya watoto, na kwa takriban miaka miwili akarudishiwa miswada yake na wachapishaji. Kitabu chake cha kwanza, cha picha, kilitoka mwaka 1969. Mwaka uliofuata kilitoka kile kilichoyageuza maisha yake.

Are You There God? It's Me, Margaret, kilichochapishwa mwaka 1970, kinamhusu Margaret Simon, anayekaribia miaka 12, ambaye wazazi wake wamehama kutoka jiji la New York kwenda mji wa pembeni huko New Jersey. Baba yake ni Myahudi, mama yake alilelewa katika Ukristo, na wazazi wa mama walimkana binti yao kwa sababu ya ndoa hiyo. Margaret hakupewa dini yoyote, akaambiwa atachagua akiwa mkubwa. Lakini anazungumza na Mungu kwa siri, kama mtu anavyozungumza na rafiki aliye chumba cha pili, na mara nyingi anachomwomba ni asimwache nyuma, akue kama wenzake, avunje ungo. Katika kikundi chake cha wasichana wanne, Nancy ndiye mjuaji wa mambo yote, na ndiye anayewatumia wenzake habari kwamba yeye tayari amepata hedhi. Baadaye, katika choo cha mkahawa jijini New York, Margaret anamsikia Nancy akilia na kumwita mama yake, na anagundua kwamba leo ndiyo mara ya kwanza na kwamba ile habari ya awali ilikuwa uongo. Ukurasa huo hauna mahubiri. Nancy anaomba siri yake itunzwe, na Margaret anabaki akiwaza kwamba hata aliyejifanya anajua alikuwa na hofu kama yeye.

Kiswahili kina namna yake ya kulitaja jambo hili bila kuona haya, lakini vitabu vya watoto vya Marekani ya wakati ule karibu vyote vililipita kimya. Blume alipeleka nakala tatu za kitabu hicho kwa shule ya msingi ya watoto wake kama zawadi. Mwalimu mkuu, mwanamume, hakuziweka maktabani kwa sababu kitabu kilitaja hedhi. Wasichana kadhaa wa shule hiyohiyo, bila shaka, walikuwa tayari wanakwenda mwezini. Mwalimu mkuu hakukanusha kwamba jambo hilo lipo; alikataa tu lisomwe chini ya paa lake.

Katika matoleo ya baadaye Blume alibadilisha maelezo machache: mkanda na pini za zama za 1970, ambazo msomaji mpya asingezielewa, zilitolewa na pedi za kubandika zikawekwa mahali pake. Hakugusa kitu kingine. Mtu anaweza kucheka kwamba mwandishi anakarabati kitabu chake kama fundi anayebadilisha bomba, lakini marekebisho hayo yanatuambia alikiona kitabu kuwa ni nini. Alikiona kama chombo kinachotumika, na chombo kinapaswa kufanya kazi mkononi mwa anayekishika leo.

Hapa niseme jambo ambalo wapenzi wake hawalipendi. Blume si fundi mkubwa wa sentensi. Wahakiki wa mwanzo walimlaumu kwa lugha bapa, mazungumzo mengi na maelezo machache ya mahali, na lawama hizo hazikuwa za uongo. Ulimwengu wake pia ni mwembamba: vitongoji vya Wamarekani weupe wa tabaka la kati, kwa sehemu kubwa New Jersey. Alipojaribu kuugusa ubaguzi wa rangi katika Iggie's House, pia ya mwaka 1970, kuhusu familia ya Wamarekani Weusi inayohamia mtaa wa weupe, kisa kiliishia kuwa cha msichana mweupe mwenye nia njema, na familia yenyewe ikabaki pembeni. Lakini ubapa ule wa lugha ndio uliowatia hofu waliompinga. Sentensi ya Blume inasomwa na mtoto wa miaka kumi bila kuuliza mtu. Haina sitiari inayomficha mtoto maana na kumwachia mtu mzima ufunguo. Riwaya ngumu yenye mambo mazito zaidi inaweza kukaa rafuni miaka mingi bila kuguswa, kwa kuwa inajilinda kwa ugumu wake. Kitabu cha Blume hakina ulinzi huo.

Pia kilikuwa na bei nafuu. Vitabu vya jalada gumu vilinunuliwa na maktaba na wazazi, yaani mtu mzima alisimama mlangoni. Matoleo ya jalada jepesi ya miaka ya 1970 yalimwezesha mtoto kuingia dukani na fedha zake ndogo na kutoka na kitabu ambacho hakuna aliyemchagulia. Kwa njia hiyo sifa zilisambaa kutoka dawati hadi dawati, na vitabu vyake vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 80 kwa jumla. Kwa njia hiyohiyo barua zilianza kurudi, kwa maelfu, kutoka kwa watoto waliomwandikia mambo ambayo hawakuwaambia wazazi: talaka, kupigwa, upweke, kutaka kufa. Sehemu ya barua hizo aliichapisha mwaka 1986 katika Letters to Judy, na hifadhi ya karatasi zake sasa iko Chuo Kikuu cha Yale. Ukizizingatia barua hizi, hoja kwamba vitabu vyake vilipanda mawazo mabaya katika akili tupu inakuwa ngumu kuisimamisha. Akili hazikuwa tupu. Zilikuwa zimejaa, na hazikuwa na pa kumwagia.

Vitabu vya miaka mitano iliyofuata vilimletea maadui wa kila namna, na inafaa kuangalia hasa kila kimoja kilishtakiwa kwa kosa gani. Deenie, cha mwaka 1973, kinamhusu msichana ambaye mama yake anataka awe mwanamitindo, kisha anagunduliwa kuwa na mgongo uliopinda na kulazimika kuvaa kifaa cha chuma na plastiki cha kushikilia mgongo kutoka shingoni hadi nyongani kwa miaka kadhaa. Ni kitabu kuhusu mwili unaomilikiwa na watu wengine: mama, madaktari, wapiga picha. Walioomba kiondolewe hawakutaja hayo. Walitaja kurasa chache ambamo Deenie anajichua na baadaye mwalimu wa mazoezi anawaeleza wasichana darasani kwamba jambo hilo haliwapofushi macho wala kuwatia wazimu. Kisa cha msichana anayejaribu kuurudisha mwili wake mikononi mwake kilisomwa kana kwamba ni kurasa hizo tu.

Blubber, cha mwaka 1974, kwangu mimi ndicho kitabu chake bora. Linda, msichana mnene, anasoma ripoti yake kuhusu nyangumi mbele ya darasa. Kijikaratasi kinapita kutoka dawati hadi dawati, na kuanzia hapo jina lake linakuwa la mafuta ya nyangumi. Wanamvua nguo, wanamfungia chumbani, wanamlazimisha kutamka maneno ya kujidhalilisha ili apite. Anayetusimulia, Jill, ni mmoja wa watesaji, na hana majuto mengi. Zamu inapomgeukia yeye mwenyewe, hakuna mwalimu anayekuja kuamua haki, na Linda, alipopata nafasi, anajiunga na watesaji bila kusita. Moja ya lawama kuu dhidi ya kitabu hiki ilikuwa kwamba hakina msimamo wa maadili, kwa kuwa waovu hawaadhibiwi. Lakini mtoto yeyote aliyewahi kukaa katika darasa la namna hiyo anajua kwamba adhabu haiji, na kitabu ambacho kingemwambia inakuja kingemfanya aone kwamba hata mwandishi naye hajui. Waliotaka adhabu iandikwe walitaka kujifariji wenyewe kwa kutumia kitabu cha mtoto.

Kisha ikaja Forever, mwaka 1975. Binti yake, aliyekuwa kijana, alikuwa amechoshwa na riwaya ambamo wapenzi wawili wakilala pamoja lazima msichana afe, apate mimba au apelekwe mbali, akamwomba mama yake amwandikie kisa ambacho hakuna anayekufa. Katherine anampenda Michael, anakwenda mwenyewe kliniki kuomba njia ya kuzuia mimba, analala naye, na miezi michache baadaye penzi linaisha kwa sababu ya kawaida kabisa: amempenda mtu mwingine. Mchapishaji alikitangaza kama riwaya yake ya kwanza ya watu wazima, bila ridhaa ya moyo wa mwandishi, aliyekuwa amekiandika kwa vijana. Ni hila ileile tuliyokwisha kuiona katika Tiger Eyes, kwa umbo jingine: kabla adui hajaonekana, nyumba ya uchapishaji yenyewe inatafuta pa kujificha.

Adui alionekana baadaye. Blume husema kwamba baada ya Ronald Reagan kushinda uchaguzi wa urais wa 1980, wadhibiti walijitokeza kana kwamba usiku mmoja. Makundi ya kihafidhina yaliyokuwa yakijipanga miaka kadhaa yalipata ujasiri mpya, na Eagle Forum, kundi la mwanaharakati wa kihafidhina Phyllis Schlafly, lilisambaza kijitabu kilichowaelekeza wazazi namna ya kuviondoa vitabu vya Judy Blume shuleni na maktabani. Si kila mwandishi anayetungiwa mwongozo wake binafsi. Mwaka 1984 alialikwa kwenye kipindi cha mjadala cha televisheni cha Crossfire, ambako mchambuzi wa kihafidhina Pat Buchanan alimbana na kurudia kurasa zilezile za kujichua hadi Blume akamwuliza kama jambo hilo ndilo lililomkaa kichwani. Novemba mwaka huo, bodi ya shule ya Peoria, Illinois, iliondoa vitabu vyake vitatu. Mwezi uliofuata, baada ya kelele kutoka kila pembe ya nchi, vikarudishwa, ila wanafunzi wadogo wakatakiwa kuleta ruhusa ya mzazi. Barua ya ruhusa ilikuwa imerudi, miaka 30 baada ya ile aliyodaiwa mwenyewe. Katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu 100 vilivyopingwa zaidi katika miaka ya 1990, vitano ni vyake.

Wanaompinga wana hoja moja ya kweli ambayo haipaswi kupuuzwa: hakuna kitabu chake kilichowahi kupigwa marufuku kwa maana kamili ya neno hilo. Serikali ya Marekani haikumfunga, haikuchoma nakala zake, haikumzuia kuchapisha. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, hayaruhusu. Kilichotokea ni kwamba taasisi za umma ziliamua kutovihifadhi, na kila maktaba inachagua, kwa kuwa hakuna yenye nafasi ya kila kitabu. Mahakama ya Juu iliukabili utata huo mwaka 1982, katika kesi ya wilaya ya shule ya Island Trees, New York, ambako bodi iliondoa vitabu ilivyoviita vya kuipinga Marekani, kuupinga Ukristo, kuwachukia Wayahudi na vichafu tu. Jaji Brennan aliandika kwamba bodi haiwezi kuondoa kitabu maktabani kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo, lakini maoni yake hayakupata majaji wengi wa kuyafanya kanuni thabiti, na ulegevu huo umebaki hadi leo. Mei 2025 mahakama ya rufaa yenye mamlaka juu ya Texas, Louisiana na Mississippi iliamua kwamba wasomaji hawawezi kupinga mahakamani uamuzi wa maktaba ya umma kuondoa vitabu.

Kuna tofauti, hata hivyo, kati ya kutonunua na kunyofoa. Mkutubi anayeacha kitabu kisinunuliwe amelinganisha vitabu vingi. Anayekitoa rafuni baada ya lalamiko amelisikiliza lalamiko. Na hoja ya haki ya mzazi, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, Blume hajawahi kuikataa. Mzazi anayemwambia mwanawe asisome Forever yuko ndani ya mamlaka yake. Mzazi anayedai kitabu hicho kisiwepo amevuka na kuingia nyumba ya jirani. Ningependa kuongeza kwamba kanuni hii ni rahisi kuitetea pale ambapo mlalamikaji hatumuungi mkono, na inauma pale ambapo lalamiko lenyewe tunalielewa, kama kwa wazazi Weusi walioumizwa na matusi ya kibaguzi dhidi ya watu wao katika Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain. Anayetetea vitabu vya Blume peke yake hajaanza kazi.

Kazi yenyewe, tukiitazama kwa karibu, haina mvuto mkubwa. Muungano wa Kitaifa Dhidi ya Udhibiti ulianzishwa mwaka 1974, na Leanne Katz ndiye aliyeuongoza kwa zaidi ya miaka 20. Blume husimulia kwamba alipomfahamu Katz ndipo alipoacha kujiona yuko peke yake, akapata pia shughuli ya kufanya badala ya kukaa na hasira. Shughuli hiyo ni barua kwa bodi za shule, simu kwa mwalimu wa kijijini ambaye anahojiwa kesho, ushauri kuhusu utaratibu wa kupitia malalamiko, mtu wa kusimama naye ukumbini. Walengwa wake si wale wanaoandamana na mabango. Ni mwalimu na mkutubi, watu wenye mishahara midogo na mikataba inayoweza kukatishwa, wanaoijua hesabu ileile aliyoifanya mhariri wa Tiger Eyes: je, kitabu hiki kimoja kinafaa kuniponza? Blume anazungumza nao vizuri kwa sababu aliwahi kuifanya hesabu hiyo, na akaikosea. Mara nyingi amesema kwamba vitabu vinavyoshambuliwa havimsumbui kama vile ambavyo havitaandikwa kamwe, na akisema hivyo anasema kama shahidi.

Mtu angetarajia umri na heshima vifunge ukurasa. Alipewa nishani ya Wakfu wa Kitaifa wa Vitabu mwaka 2004 kwa mchango wake katika fasihi ya Marekani. Mwaka 2023, zaidi ya nusu karne baada ya Margaret kukataliwa na mwalimu mkuu yule, filamu yake ilionyeshwa katika kumbi nchi nzima na akina mama wakawapeleka mabinti zao. Mwaka huohuo wilaya ya shule ya kaunti ya Martin, Florida, iliondoa Forever. Agosti 2024 jimbo la Utah lilitoa orodha ya vitabu 13 visivyoruhusiwa katika shule yoyote ya umma jimboni, kwa sheria inayosema kwamba wilaya tatu zikishakubaliana, zote nyingine zifuate, Forever imo. Katherine na Michael walikuwa wanakaribia miaka 50 tangu waachane.

Picha inayonikaa zaidi akilini kutoka kipindi hiki, hata hivyo, haina kitabu chake hata kimoja. Mapema mwaka 2023, katika kaunti ya Manatee, Florida, baada ya sheria mpya kutaka kila kitabu cha darasani kiidhinishwe na mtaalamu wa maktaba, na kukiwa na tishio la mashtaka ya jinai kwa atakayetoa kitabu kitakachoonekana kuwa na madhara kwa watoto, walimu walifunika rafu za madarasa yao kwa karatasi. Hawakufunika vile vibaya tu na kuviacha vile vizuri. Walifunika vyote, kwa kuwa hakuna aliyejua kipi kingewaponza. Sheria haikuwa imetaja kitabu hata kimoja.

Blume anaishi Key West, katika jimbo hilohilo. Mwaka 2016 yeye na mumewe George Cooper walishirikiana na wenzao kufungua duka la vitabu lisilo la faida katika mji huo ambao haukuwa na duka kamili la vitabu vipya, na mara nyingi amekutwa humo akipanga rafu na kuwahudumia wateja ambao wengine hawamtambui. Forever inauzwa humo bila barua ya mtu yeyote. Kijana wa Florida mwenye bei yake mfukoni anaweza kuingia, kulipa na kuondoka nayo. Aliyekuwa akiitegemea maktaba ya shule atangoja ndugu wa familia mwenye nakala.